Huyu Mbwa Simjui: Mwongozo kwa Wawindaji wa Iringa na Mbeya

Mwongozo huu ni wa mwindaji ambaye tayari yuko porini. Kidole kiko kwenye triga, swala amesimama ubavu, upepo unatoka upande unaotakiwa, halafu kichakani wanachomoka mbwa watatu wasio na mkanda wala adabu na kukatiza mbele yako kama daladala za Mwanjelwa. Swala keshaondoka. Ulilipia leseni, ulijaza mafuta Iringa mjini, uliaga nyumbani kwa maneno makubwa kuhusu nyama, na sasa unatazamana na mbwa. Ufanyeje?

Kabla ya jibu tumalizane na watani. Najua mtani wetu wa Kigogo akiona "mbwa", "Iringa" na "kuwinda" kwenye ukurasa mmoja ataacha shughuli zake zote aulize kama mbwa hapo ndiye anayewinda au ndiye anayewindwa. Swali lake limepokelewa, limeandikwa kwenye daftari, na litajibiwa kikao kijacho.

Turudi porini. Nyanda za Juu Kusini zina wawindaji wa aina mbili. Wa kwanza ana karatasi: leseni, kibali cha bunduki, orodha ya wanyama anaoruhusiwa, na askari wa wanyamapori wa kumsindikiza na kuhakikisha kwamba anapiga kilichoandikwa. Wa pili ana mbwa. Kwenye karatasi za serikali yule wa kwanza huitwa mwindaji mwenyeji na wa pili huitwa jangili, ingawa ukiwauliza wote wawili babu zao wamezikwa wapi, wa pili atakuonyesha kaburi na wa kwanza atapiga simu. Mwongozo unawahudumia wote bila ubaguzi, kwa sababu mara nyingi ni watu wa ukoo mmoja na Krismasi hula meza moja.

Mwenye mbwa ajue kwanza anasimama wapi kisheria, asije akasema hakuambiwa. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, inapotaja njia zisizoruhusiwa za kuwindia, imemweka mbwa kwenye kundi moja na sumu, mashimo, nyavu, mitego na taa za usiku. Popi wako, anayelala jikoni na kuogopa jogoo, mbele ya sheria ni ndugu wa sumu. Ukitaka kuwinda naye kihalali unahitaji ruhusa ya maandishi ya Mkurugenzi wa Wanyamapori. Sijawahi kukutana na mtu wa Kilolo aliyeandika barua ya aina hiyo, lakini ningelipa nauli kwenda kuisoma: "Kuh: Maombi ya kibali cha mbwa wanne, mmoja jike."

Msione haya sana. Mbwa na uwindaji ni jambo ambalo heshima yake hutegemea nani ameshika kamba. Mwanzoni mwa karne iliyopita, nje kidogo ya Nairobi, mlowezi aitwaye Jim Elkington alikuwa na kundi la mbwa wa Kiingereza, Masara Hounds, na waungwana walipanda farasi kuwafuata mbwa hao waliokuwa wakimfukuza bweha. Kazi yote hiyo kwa bweha, mnyama ambaye hata njaa ya mwaka mbaya haimfanyi kitoweo. Nyumbani kwake Elkington alifuga pia simba aitwaye Paddy, na Paddy huyohuyo alimrarua mtoto wa jirani, Beryl Markham, yule aliyekuja kuwa rubani mashuhuri. Hayo yaliitwa michezo. Huko kwao, England na Wales, marufuku ya kuwinda wanyama pori kwa mbwa ilipitishwa mwaka 2004, na hadi leo bado wanagombana kama mbwa aliyemfukuza mbweha alikuwa anawinda au alikuwa anafuata harufu kwa bahati mbaya. Kwa hiyo mwindaji wa Mufindi anaposema mbwa wake "walijifuata tu wenyewe", asidhani amebuni utetezi mpya. Ulishasemwa na mabwana wenye koti jekundu.

Kabla ya kuinua bunduki

Sasa wewe mwenye leseni, uliyekosa swala. Hasira inakuambia piga. Usipige. Hesabu kwanza.

Mbwa mmoja peke yake anaweza kuwa wa mfugaji. Pawaga na Usangu zina Wasukuma, Wabarabaig na Wamasai, na pale lilipo zizi pana mbwa, naye hujipa ruhusa ya kutembea. Anaweza pia kuwa wa kambi ya wachoma mkaa kule Chunya, aliyeachwa msimu ulipokwisha na sasa anajitegemea. Mbwa wawili ni wa kutiliwa shaka. Wakifika watatu au wanne, wanakwenda kwa mstari, hawabweki ovyo, na mmoja anageuza shingo kila mara kutazama nyuma, hao si wazururaji. Wako kazini, na yule anayetazama nyuma anamtazama msimamizi wake. Msimamizi yuko hatua chache kutoka hapo, amelala kifudifudi kwenye nyasi, na pembeni yake kuna gobore lililoshindiliwa baruti na vipande vya nondo. Gobore hilo halina kibali wala shabaha, na usalama wake ni wa kubahatisha. Ukimpiga mbwa wake unaweza kupata jibu kabla moshi wako haujatawanyika.

Kwa hiyo kohoa. Kohoa kwa sauti, kama mtu anayeingia ua wa mkwe, kisha toa salamu kuelekea kichakani: "Kamwene!" Ukiwa upande wa Tukuyu, jaribu "ndaga". Kichaka hakitaitikia. Ila baada ya muda mfupi utasikia mluzi mwembamba ambao si wa ndege, mbwa watageuka wote kwa pamoja, na pori litarudi kuwa pori. Hujamwona mtu, na yeye hajakuona. Jioni mtakutana kwenye kilabu cha ulanzi, mtaulizana habari za mahindi, na hakuna atakayetaja mbwa.

Askari aliyekusindikiza naye ana la kufanya wakati huo. Mara nyingi atainama kufunga kamba za buti. Msimharakishe. Baadhi ya buti hizo zina kamba ndefu sana.

Ukikaidi ukapiga, ujiandae kwa muujiza wa kiuchumi. Mbwa ambaye asubuhi hakuwa na mwenyewe, jioni atakuwa na wenyewe watatu, na mmoja wao atalia. Akiwa hai alikuwa koko. Akishakufa anakuwa mbwa wa mbegu, mjukuu wa mbwa wa mzungu wa chai, mlinzi wa familia ya watu kumi na moja. Bei yake itatajwa ikiambatana na ya ndama. Na usidhani sheria itakuwa upande wako: Kanuni ya Adhabu inamtambua mnyama wa mtu kuwa mali ya mtu, na kumuua kwa makusudi bila haki ni kosa. Utakuwa umetoka nyumbani na leseni ya swala na kurudi na kesi ya Popi.

Upo pia uwezekano kwamba unachokitazama si mbwa wa mtu hata kidogo. Eneo la Ruaha ni moja ya maskani kubwa za mbwa mwitu zilizobaki Afrika, na wageni hulipa dola nyingi kumwona mmoja akikojoa. Mbwa mwitu ana masikio ya duara, makubwa kuliko anavyostahili, na madoa meusi, ya njano na meupe yaliyomwagwa bila mpango. Kama bado una shaka, mwombe akuonyeshe mguu wa mbele: wake una vidole vinne, wa mbwa wa nyumbani una vitano. Zoezi hili la vidole lifanywe kwa darubini ukiwa mbali, sio kwa kumshika mwenye mguu.

Jambo moja mwongozo unalisema bila mzaha. Mbwa anayekujia bila woga, mate yanamtoka, taya limelegea, anayumba au anang'ata vijiti na hewa, usimwite, usimtupie ugali, usimwonee huruma. Ondoka. Akikung'ata, osha jeraha hapohapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, tena dakika za saa, sio za kukadiria, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo, na urudi kwa dozi zote utakazopangiwa. Usipake mafuta ya taa, usipake pilipili, usimsubiri mjomba mwenye dawa ya mizizi. Kichaa cha mbwa kinaweza kukaa mwilini wiki au miezi bila dalili, na dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Inakadiriwa Watanzania wapatao 1,500 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, na karibu wote waliupata kwa mbwa. Kutoka Idodi hadi hospitali mjini Iringa ni mbali na nauli ya bodaboda inauma. Lipa.

Mbwa wa nani?

Tumfikirie sasa mwindaji wa pili, maana yeye ndiye mwenye matatizo makubwa. Amekimbia, na mbwa mmoja amekamatwa.

Ndani ya hifadhi ya taifa mbwa kwa kawaida hakamatwi. Haulizwi jina wala kijiji, risasi inatosha. Lakini kwenye ardhi ya kijiji, kwenye maeneo ya jumuiya za hifadhi ya wanyamapori kama yale ya MBOMIPA kule Idodi na Pawaga, hutokea mbwa akaletwa mzima hadi ofisi ya kijiji. Hapo ndipo uwindaji halisi unapoanza, na safari hii mbwa yuko upande wa serikali.

Amefungwa kamba ya manila kwenye mlingoti wa bendera. Sikio moja lina kovu la nguruwe pori. Mguu wa nyuma una tope jekundu la mtoni ambalo kila mtu pale anajua linatoka mto gani. Mtendaji amekaa mezani na muhuri wake, mwenyekiti yuko kando, afande amesimama. Wanaume wa kitongoji wameitwa wapite mmoja mmoja. Kila mmoja anaulizwa swali lilelile na kila mmoja anatoa jibu lilelile: "Mheshimiwa mtendaji, huyu mbwa simjui." Wengine huongeza kwamba si wa ukanda huu kabisa, sura yake ni ya Wanging'ombe.

Halafu zamu yako inafika, na mkia unaanza.

Hakuna mafunzo ya kumzuia mbwa asitikise mkia anapomwona anayemlisha. Wapo wanaojaribu kumkazia macho, na mbwa hudhani ni mchezo, akazidi kuruka. Wapo wanaoingia wamevaa suti ya kanisani ili wasitambulike, wakasahau kwamba mbwa hatumii macho. Mwingine alidhani ataokoka kwa kunyamaza kabisa. Mkia hauapishwi, hauhojiwi na wakili wala hauombi posho, na hakuna shahidi wa upande wa mashtaka aliyewahi kutoa ushahidi kwa furaha kiasi hicho. Usipoangalia, mzee mmoja wa baraza, ambaye kimya chake chote kilikuwa akiba, atasema taratibu: "Nyalukolo, mbwa anakusalimia. Itikia."

Mbinu pekee ninayoweza kuipendekeza ni kuingia ukiwa umeshika mfupa na kuugawa kwa haki, ili mbwa amtikisie mkia kila mtu, mtendaji akiwemo. Ushahidi ukimgusa mtendaji huwa unapungua nguvu.

Usitegemee pia kwamba kesi itakufa kwa kuchelewa. Mbwa ni kielelezo, na kielelezo hiki kinakula. Kesi ikiahirishwa mara mbili tatu, kielelezo kikiwa jike kinaweza kuzaa, na upande wa mashtaka ulioanza na kielelezo kimoja ukafika mahakamani na vielelezo saba, sita kati yao havijafumbua macho.

Kosa la msingi, hata hivyo, lilifanyika siku nyingi kabla ya kukamatwa, nalo ni jina. Watu wetu hupenda kumpa mbwa jina la kumsema jirani. Kijiji kina akina Hamnijui, Mtajiju, Umbea na Wivu Sumu, na kila jioni mwenye nyumba anasimama mlangoni akiita kwa nguvu ili mlengwa asikie. Kijijini ni sanaa, lakini porini ni kujitangaza. Kilomita nzima ya bonde inasikia "Hamnijuiii!" na kila mtu anakujua. Hata hivyo waepukeni zaidi Afande, Diwani na Mwenyekiti. Mwenye mbwa aitwaye Mwenyekiti akiita usiku "Mwenyekiti, kamata!" halafu akasikia bunduki inakokiwa, amejitakia. Bobi linatosha. Mbeya na Iringa zina akina Bobi wengi kiasi kwamba kuwachunguza wote ni bajeti ya wizara.

Na kinachonichekesha kuliko vyote ni jinsi kumbukumbu za watu zinavyobadilika kulingana na saa. Mbele ya mtendaji mbwa hana baba wala mama. Usiku wa jana yake, kwenye mgao, kila mtu alijua mbwa aliyeshika kwanza ni wa nani, maana mwenye mbwa huyo hudai fungu lake, na paja halitolewi kwa mtu asiyejulikana. Pale motoni walitajana hadi ukoo: huyu ni mtoto wa yule jike wa shemeji, aliyemshika pongo peke yake mwaka ule wa mvua nyingi. Walimsifu, wakamtupia utumbo. Asubuhi wakamkana kabla jogoo hajawika.

Sufuria

Ushauri wa usafi wa kambi: osha sufuria. Mwaka 1991, kwenye milima ya Udzungwa, watafiti kutoka Denmark waliona ndani ya sufuria ya kambini jozi ya miguu ya ndege ambayo hawakuielewa. Mtu wa kawaida angeuliza chumvi iko wapi. Wao waliuliza miguu hii ni ya nani. Kufikia 1994 ndege huyo, kwale wa Udzungwa, alikuwa na jina la Kilatini na ndugu zake wa karibu walikuwa wamepatikana Asia. Kwa watu waliomtega, alikuwa kitoweo cha siku moja.

Mbeya nako walishindwa kunyamaza. Mwaka 2003 watafiti wa wanyama waliokuwa wakizungumza na wawindaji wa Rungwe walisikia habari za nyani mwenye aibu anayeitwa kipunji. Wazee walimtaja kama unavyomtaja jirani. Wageni wakapanda mlima, wakamwona, na mwaka 2005 dunia nzima ikatangaziwa kuwa amegunduliwa. Mwaka huohuo mmoja akapatikana amekufa kwenye mtego wa mkulima katika shamba la mahindi, na maiti hiyo ikawapa wataalamu uthibitisho wa kumpa kipunji jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Mkulima alikuwa analinda mahindi. Msitu wa Livingstone, anakoishi kipunji, ukaingia ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa rasmi mwaka huohuo wa 2005, ile wanayoiita Bustani ya Mungu. Bustani hiyo ina maua kwa mamia na haina sehemu ya kufunga mbwa.

Hapo ndipo mwindaji wa Rungwe anapolalamika kwamba msitu umejaa askari. Baba, nani alianza kusimulia?

Mbwa angeweza kusimulia zaidi, bahati yenu hana mdomo. Chukueni minde, paa mkubwa mweusi mwenye kishungi chekundu kichwani, ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa misitu michache ya milima ya Tanzania, ikiwemo Rungwe na Udzungwa. Hutoka usiku, hujificha mchana, na picha yake ya kwanza porini ilipigwa mwaka 2003 na kamera ya kujipiga yenyewe iliyofungwa mtini Udzungwa. Wanasayansi walishangilia. Mbwa wa Kilolo walikuwa wanafahamiana na minde siku nyingi, tena kwa karibu zaidi ya kamera. Mbwa hachagui. Ukimtuma kwa nguruwe pori anayemaliza viazi, atakwenda kwa moyo mmoja, lakini njiani akikutana na minde hatasimama kusoma orodha ya wanyama walio hatarini. Mtego wa waya, pamoja na ubaya wake wote, hukaa ulipofungwa. Mbwa hukutafutia kosa hadi usipofika wewe.

Hafuati mpaka pia. Mwaka 2008 Usangu na ardhi oevu ya Ihefu viliingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa Ruaha, na tangu hapo ukitamka "GN 28", lile tangazo la serikali lililochora mpaka huo, kwenye mkutano wa hadhara Mbarali, kikao hakifungwi kabla ya magharibi. Mawaziri wamekuja, kamati zimekuja, vigingi vimepigwa, vimeng'olewa, vimepigwa tena. Mbarali nzima, kiumbe pekee asiye na maoni kuhusu GN 28 ni mbwa. Yeye anamfuata ndezi. Ndezi akivuka, naye anavuka, na wewe uliyeko nyuma yake unaingia kwenye makosa matatu kabla hujafunga kifungo cha koti. Kama ni lazima uwe na mbwa karibu na mpaka wa namna hiyo, mfunge. Na kama unachokitaka ni ladha tu ya nyamapori, siku hizi kuna mabucha yenye kibali. Nyama hiyo ina risiti. Najua risiti inapunguza utamu, lakini inakuwezesha kula taa ikiwa inawaka.

Siku ya chanjo

Mbwa wa mwindaji hachukui tu kitu porini, huacha pia. Mwaka 1994 simba wapatao 1,000 wa Serengeti, karibu theluthi moja ya wote, walikufa kwa distempa, ugonjwa ulioanzia kwa mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi. Hakuna mbwa aliyekwenda kumng'ata simba. Ugonjwa uliingia taratibu, kutoka kwa mbwa kwenda kwa fisi na wenzake, hadi simba wakaanza kutetemeka hadharani mbele ya watalii. Simba wanaweza kurudi wakiachwa wazaliane. Mbwa mwitu wa Ruaha wanaishi kwa makundi, wanalambana midomo na kugawana chakula hadi kwa kutapikiana, kwa hiyo mmoja akiletewa zawadi na Bobi wako, kundi zima limeipata kabla ya wiki kwisha.

Dawa ya haya yote inajulikana. Kwa kichaa cha mbwa, ukichanja mbwa 70 kati ya kila 100 na ukarudia, ugonjwa hukosa njia. Kila tarehe 28 Septemba dunia huadhimisha siku yake, na afisa mifugo huja na kibaridi chake cha chanjo, meza, kalamu na daftari.

Tatizo ni daftari. Lina safu ya jina la mbwa, safu ya rangi, na safu ya jina la mmiliki. Mtu aliyetumia mwaka mzima kuthibitisha kwamba hana mbwa hawezi kuja mchana kweupe kutia jina lake kando ya "Bobi, mwekundu, kovu sikio la kushoto". Kwa hiyo mbwa anayeshinda barazani kulinda kuku huchanjwa, na anayeshinda porini akilamba mizoga, anayekutana na bweha na mbwa mwitu, anayeweza kweli kuleta ugonjwa au kuupeleka, ndiye anayebaki nyumbani kwa sababu za kisheria. Ningekuwa na sauti wizarani ningeomba siku hiyo moja askari wa wanyamapori wasisogelee meza kabisa, labda kama wamekuja na mbwa wao. Wanao. Mmoja wao anaitwa Doria.

Wenye busara huwatuma watoto. Nenda kwenye foleni yoyote ya chanjo utaona: mbwa wakubwa kuliko wanaowavuta, kamba za katani, na mtoto wa darasa la pili anayeburuzwa kuelekea kwa mbuzi wa mtu. Mpango ni mzuri, ila watoto wana kasoro ya kujibu walichoulizwa. Afisa mifugo atauliza kwa upole tu, "Mbwa wa nani?" na mtoto atasema, "Wa baba." Akiulizwa kama mbwa anaumwa, atasema hapana, amechoka tu, jana usiku alikwenda kazini.

Basi mfundishe kabla hajatoka: jina la mbwa, jina la kitongoji, ahsante, shikamoo kwa mzee mwenye sindano. Akiulizwa mbwa hulala wapi, aseme hufungwa nyuma ya jiko kuanzia saa kumi na mbili jioni. Ili mtoto asiwe mwongo, nunua mnyororo mjini, chimbia nguzo, na uweke na maji.